Wakala wa ardhi anapaswa kufichua nini katika tangazo lake?

KANDO ya barabara kuu zitokazo Nairobi kuelekea Thika, Kangundo, Namanga na Mombasa, mabango ya kuuza ploti yamesimama moja baada ya jingine. Maneno yake hayatofautiani sana: hati iko tayari, maji na stima vipo, ni dakika tano tu kutoka barabara ya lami. Sifa zizo hizo husikika redioni, huchapishwa magazetini na kusambazwa kwa simu za mkononi. Kwa familia nyingi, tangazo la aina hii ndilo mwanzo wa safari ya kutumia akiba ya miaka mingi, mkopo wa chama cha ushirika au malipo ya uzeeni.

Wengi husahau kwamba tangazo la kuuza ardhi au nyumba si porojo za sokoni. Ni kauli inayoweza kupimwa mahakamani. Aidha, kipimo chenyewe hakikomei katika kuuliza iwapo yaliyosemwa ni kweli. Huuliza pia iwapo yaliyonyamaziwa yameugeuza ukweli huo kuwa uongo.

GHARAMA YA KIMYA

Wakenya wameshuhudia mara kadhaa hasara inayompata mnunuzi asiyeelezwa yote. Mnamo Novemba 2011, tingatinga zilibomoa nyumba za watu mtaani Syokimau, katika ardhi ambayo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ilisema ni yake. Mnamo Oktoba 2023, nyumba nyingine zilibomolewa Athi River, katika ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua kuwa ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Katika visa vyote viwili walikuwepo wakazi waliosema kuwa walinunua ploti zao, wakazilipia, kisha wakajenga.

Jijini Nairobi, majumba makubwa ya biashara yaliangushwa Agosti 2018 kwa madai kwamba yalijengwa katika hifadhi ya mito. Baada ya mafuriko ya mwaka wa 2024, serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi kando ya mito wahame, na makazi mengi yakabomolewa.

Si kila hasara ya aina hii huanzia kwa wakala. Hata hivyo, pale ambapo ardhi ilipitia mikononi mwa wakala kabla ya kumfikia mnunuzi, swali moja halikosi kuzuka: alijua nini, na kati ya aliyoyajua, ni yapi aliyoyasema?

NI NANI ALIYE WAKALA

Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Nyumba, Sura ya 533 ya Sheria za Kenya, ilipitishwa mwaka wa 1984. Inamhusu mtu ambaye kazi yake ni kuwakutanisha muuzaji na mnunuzi, au mwenye nyumba na mpangaji, ama kujadili masharti ya mapatano kwa niaba yao. Sheria hiyo iliunda Bodi ya Usajili wa Mawakala, na asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Majina ya waliosajiliwa huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Kwa hivyo, jambo la kwanza linalofaa kubainishwa katika tangazo ni utambulisho wa aliyelitoa. Tangazo lenye nambari ya simu pekee, bila jina la kampuni, nambari ya usajili wala mahali ilipo afisi, limeficha jambo la msingi hata kabla ya kuitaja ardhi yenyewe. Huenda broka wa mtaani akawa mtu mwaminifu. Lakini akikosea, hana usajili wa kufutiwa wala bodi inayoweza kumwita ajieleze.

Jambo la pili ni kufahamu wakala anamtumikia nani. Kisheria, wakala ana wajibu wa uaminifu kwa yule aliyemtuma, ambaye mara nyingi ni muuzaji. Mnunuzi anayekaribishwa chai na kubebwa kwa gari hadi shambani hupata kuamini kwamba amepata mshauri, ilhali anayemshauri ametumwa kuuza. Iwapo ardhi ni ya wakala mwenyewe au ya jamaa yake, au iwapo analipwa na pande zote mbili, hilo ni jambo la kusemwa wazi. Wakala anayepokea malipo ya siri kutoka upande wa pili amevunja wajibu wake.

KATIBA NA HAKI YA KUELEZWA

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu. Kifungu hicho pia kinalitaka Bunge kutunga sheria kuhusu matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Haki hizo hazihusu huduma za serikali pekee. Zinahusu pia huduma zinazotolewa na watu na kampuni za kibinafsi.

Hata hivyo, sheria ya mwaka wa 1984 imejishughulisha zaidi na suala la nani anaruhusiwa kuwa wakala kuliko maneno anayoyaandika kwenye bango. Wajibu wa kusema ukweli katika tangazo unatokana kwa kiasi kikubwa na kanuni za mikataba zilizorithiwa kutoka Uingereza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, ndiyo inayoziruhusu kanuni hizo kutumika nchini.

KUSIFU NA KUPOTOSHA

Kanuni ya kale inasema kuwa mnunuzi na ajihadhari. Muuzaji ambaye hakuulizwa chochote, na ambaye hakusema chochote, kwa kawaida hahesabiwi kuwa amedanganya. Lakini kanuni hiyo ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayomlinda msomaji wa matangazo.

Mfano mashuhuri ni kesi ya Dimmock na Hallett iliyoamuliwa nchini Uingereza mwaka wa 1866. Ardhi kubwa ilikuwa imepigwa mnada. Maelezo ya mnada yalisema kuwa ina rutuba na inaweza kuboreshwa. Yalisema pia kwamba baadhi ya mashamba yake yalikuwa yamekodishwa. Kuhusu rutuba, mahakama ilisema hizo ni sifa za kawaida za muuzaji, na mnunuzi hakupaswa kuzitegemea. Lakini kuhusu mashamba, ilibainika kwamba wapangaji walikuwa tayari wametoa notisi ya kuondoka. Kusema kuwa mashamba yamekodishwa kulikuwa kweli, lakini kuificha ile notisi kulimpotosha mnunuzi. Akaruhusiwa kujiondoa katika ununuzi huo.

Funzo lake halijachakaa. Tangazo linalosema kwamba ploti "ipo mahali pa kupendeza" ni la kusifu tu. Tangazo linalosema kwamba nyumba ya kupangisha "imejaa wapangaji", huku nusu yao wakiwa wamefunga virago, ni nusu ya ukweli. Na mbele ya sheria, nusu ya ukweli inaweza kuwa na uzito wa uongo mzima.

Mpaka wa pili unahusu mambo yanayobadilika. Katika kesi ya With na O'Flanagan ya mwaka wa 1936, daktari aliyekuwa akiuza zahanati yake alitaja mapato yake kwa usahihi. Kisha akaugua, na kabla ya mkataba kutiwa saini wagonjwa wakawa wamepungua sana. Mahakama ilisema alipaswa kumweleza mnunuzi. Vivyo hivyo, wakala aliyetangaza mwezi Januari kuwa ardhi haina mgogoro hawezi kuliacha bango hilo likisimama Juni baada ya kesi kuwasilishwa mahakamani.

Mpaka wa tatu unamhusu wakala mwenyewe. Tangu uamuzi wa kesi ya Hedley Byrne nchini Uingereza mwaka wa 1963, mtu anayetoa maelezo kwa uzembe, huku akijua kuwa mwingine atayategemea, anaweza kudaiwa fidia hata kama hakuna mkataba kati yao. Kwa hivyo, kisingizio cha "hayo ndiyo niliyoambiwa na mwenye ardhi" hakimwokoi wakala kila mara.

AHADI ZA KESHO

Mnunuzi anafaa kuzitenga kauli za leo na ahadi za kesho. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inaharamisha kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na anayepatikana na hatia anaweza kufungwa miaka 3. Lakini udanganyifu unaotajwa humo ni kauli ya uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo.

Hapo ndipo ujanja wa baadhi ya matangazo ulipojificha. Kusema "barabara ya lami imefika" ilhali haijafika ni kauli inayoweza kumfikisha mtu kizimbani. Kusema "barabara ya lami inakuja" ni matumaini, na ni vigumu kumshtaki mtu kwa sababu ya matumaini yake. Mnunuzi anayelipa bei ya juu kwa ajili ya reli, chuo kikuu au jiji linalotarajiwa kujengwa karibu na ploti yake anapaswa kujua kwamba amenunua ardhi, hajanunua utabiri.

YASIYOFAA KUFICHWA

Kutokana na sheria mbalimbali za ardhi, yapo mambo ambayo wakala mwaminifu huyataja katika tangazo, au angaa huyaweka mezani mteja anapopiga simu mara ya kwanza.

Aina ya umiliki: Ardhi inaweza kuwa ya kumilikiwa daima au ya kukodishwa kwa muda. Tangazo linalosema "miaka 99" halijakamilika iwapo sehemu kubwa ya miaka hiyo imekwisha kupita. Linalofaa kutajwa ni miaka iliyosalia. Kwa mnunuzi asiye raia, Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Hati yenyewe: Maneno "hati iko tayari" yanaweza kumaanisha hati ya kila ploti, au hati moja ya shamba zima ambalo bado halijagawanywa. Tofauti hiyo ni kubwa. Anayenunua kipande cha shamba lisilogawanywa hutegemea hisani ya muuzaji hadi siku atakapopewa hati yake.

Mizigo iliyo juu ya ardhi: Rehani ya benki, agizo la mahakama, pingamizi lililosajiliwa, njia ya kupitia majirani, pamoja na malimbikizo ya kodi ya serikali na ada za kaunti, yote hupunguza thamani ya ardhi au kuzuia uhamishaji wake.

Idhini ya familia: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka wa 2013 inazuia mali ya ndoa ya mume na mke mmoja kuuzwa bila idhini ya wote wawili. Iwapo mwenye ardhi amefariki, jamaa zake hawana uwezo wa kuiuza kabla ya mahakama kuwateua wasimamizi wa mirathi na kuuthibitisha uteuzi huo. Tangazo la "shamba la familia" linapaswa kusema hatua hizo zimefikia wapi.

Matumizi yaliyoruhusiwa: Ardhi iliyosajiliwa kuwa ya kilimo haigeuki kuwa ya makazi kwa sababu bango limeiita "mtaa". Kubadilisha matumizi kunahitaji kibali cha kaunti. Zaidi ya hayo, mauzo ya ardhi ya kilimo katika maeneo yanayodhibitiwa yanahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, nayo huombwa katika muda wa miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Bila idhini hiyo mauzo hayana nguvu, na mnunuzi hubaki na haki ya kudai pesa zake tu.

Ukubwa na mipaka: "Ploti ya futi 50 kwa 100" ni kipimo kinachoweza kuthibitishwa na mpimaji. Kuita "thumuni ya ekari" kipande chochote kidogo ni kupotosha. Thumuni kamili ya ekari ni futi za mraba 5,445, ilhali ploti ya futi 50 kwa 100 ina futi 5,000.

Hali ya ardhi: Mafuriko ya msimu, ukaribu wa mto, nyaya kubwa za stima zinazopita juu, au udongo mweusi unaovimba mvua inyeshapo na kupasuka wakati wa kiangazi, kama ulivyo katika sehemu nyingi za nyanda za Kitengela na Athi River, huongeza gharama ya kujenga au kuzuia ujenzi kabisa. Picha iliyopigwa Januari, wakati wa jua, haionyeshi ploti hiyo itakavyokuwa Aprili.

Maji, stima na njia: "Maji yapo" si sawa na "bomba kuu linapita umbali wa kilomita moja". Vilevile, "dakika tano kutoka lami" hakusemi ni dakika tano za gari, za pikipiki au za ndege. Umbali hutajwa kwa kilomita.

Gharama zote: Bei iliyotangazwa inafaa kuambatana na maelezo ya nani atakayelipa wakili, mpimaji, ushuru wa stempu na ada ya wakala. Kwa mnunuzi wa nyumba ya ghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka wa 2020 inawezesha kila nyumba kuwa na hati yake. Tangazo linapaswa kusema iwapo hati hiyo ipo, na ni kiasi gani kitakacholipwa kila mwezi kwa ulinzi, usafi na lifti.

Wapangaji nao hawajasahauliwa. Nyumba iliyotangazwa iwe ipo, iwe wazi, na picha zake ziwe zake. Wakala anayetoza ada ya kuonyesha nyumba iliyokwisha kukodishwa anauza kitu asichokuwa nacho. Mpangaji pia ana haki ya kuambiwa mapema kuhusu mgao wa maji, amana atakayodaiwa na masharti ya kurejeshewa amana hiyo.

MAHAKAMA YA JUU YATOA ONYO

Mnamo 2023, Mahakama ya Juu ilitoa maamuzi mawili ambayo kila wakala anapaswa kuyafahamu. Mwezi Aprili, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja kilicho ufuoni Nyali, ilisema kuwa hati pekee haitoshi. Iwapo ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, hata aliyeinunua baadaye hawezi kujificha nyuma ya hati yake.

Mwezi Septemba, katika kesi ya kampuni ya Torino kuhusu ardhi ya Embakasi, mahakama hiyo ilisisitiza kuwa barua ya mgao wa ardhi si hati ya kumiliki. Aliyepewa barua hiyo hana umiliki wa kumuuzia mwingine kabla ya kutimiza masharti yake na kusajiliwa.

Maamuzi hayo yameongeza uzito wa kila neno la tangazo. Wakala anayeandika "hati safi" anatoa kauli kuhusu historia nzima ya ardhi, si kuhusu karatasi iliyo mkononi. Na anayeuza kwa barua ya mgao bila kusema hivyo ameficha jambo ambalo lingeweza kumfanya mnunuzi aende zake.

WENGINE WANAVYOFANYA

Mataifa mengine hayakuliacha suala hili kwa kanuni za jumla pekee. Uingereza ilipitisha mwaka wa 1991 sheria maalumu dhidi ya maelezo ya uongo kuhusu nyumba na ardhi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 2013 kwa kuwa kanuni za mwaka wa 2008 za kuwalinda wateja zilikuwa zimepiga marufuku hata kuficha habari muhimu. Kanuni hizo nazo zilirithiwa na sheria ya mwaka wa 2024, ambayo sehemu yake kuhusu jambo hili ilianza kutumika Aprili 2025.

Katika jimbo la New South Wales nchini Australia, tangu Machi 2020 wakala ana orodha ya mambo ya msingi anayopaswa kumfichulia mnunuzi. Miongoni mwayo ni mafuriko au moto wa msituni katika miaka 5 iliyopita, na mauaji yaliyotokea humo katika kipindi hicho. Faida ya orodha kama hiyo ni kwamba wakala hawezi kudai kuwa hakujua jambo hilo lilikuwa muhimu.

MNUNUZI AFANYE NINI

Kuuliza si ujinga, na katika biashara ya ardhi kuuliza kuna faida ya kisheria. Kwa kuwa anayenyamaza bila kuulizwa anaweza kuponyoka, lakini anayejibu hubanwa na jibu lake, mnunuzi anafaa kuyageuza maneno ya tangazo kuwa maswali. Je, kuna rehani? Je, kuna kesi? Je, mafuriko yamewahi kufika hapa? Hati ni ya ploti hii au ya shamba zima? Maswali hayo yaandikwe, na majibu yake yapatikane kwa maandishi.

Tangazo lenyewe lihifadhiwe. Bango hung'olewa na ujumbe wa simu hufutwa, lakini picha ya tangazo yenye tarehe inaweza kuwa ushahidi.

Pili, mnunuzi apate cheti cha upekuzi kutoka kwa masjala ya ardhi, au kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021 pale ulipokwisha kuanza kutumika. Hata hivyo, upekuzi unaonyesha yaliyosajiliwa tu. Baada ya uamuzi wa kesi ya Nyali, wakili anapaswa kufuatilia pia jinsi ardhi ilivyotolewa mara ya kwanza.

Tatu, mnunuzi azuru ardhi pamoja na mpimaji wake mwenyewe, na azungumze na majirani bila wakala kuwapo. Nne, mkataba uandikwe, utiwe saini na pande zote na ushuhudiwe, kama inavyotakiwa na sheria. Mambo yaliyomvutia katika tangazo yaingizwe humo. Iwapo wakala alitangaza kuwa maji yapo, basi mkataba nao useme kuwa maji yapo.

Wakala mwaminifu hana cha kupoteza kwa maswali hayo. Anayekasirika mteja anapoomba jibu la maandishi, au anayesisitiza kuwa amana ilipwe leo kwa sababu wanunuzi wengine wako njiani, amekwisha kufichua jambo moja ambalo halikuwamo katika tangazo lake.